Nimepima kwa Niaba Yetu

Kituo cha Pampu
Jumatatu, 4 Machi

Mkubwa,

Salamu zije baadaye, kwanza nimshitaki mtu. Naandika nimeegemea ukuta kwa sababu huyu niliyembeba hataki niiname. Nikiinama kidogo tu anaweka kisigino chini ya ubavu wa kulia na kusukuma, kama anafungua mlango uliovimba kwa mvua. Fundi wangu akiweka mkono pale anauondoa mbio. Mwanamume mzima, anashinda na mapampu yanayonguruma kutwa wala hayamtishi, anakuja kutishwa na kisigino!

Na ana vituko vyake. Nikikanyaga cherehani analala. Nina rundo la sare za shule za kumaliza kabla shule hazijafunguliwa, basi nakanyaga asubuhi nzima bila kumsikia, mpaka nasahau kama nina mimba. Ngoja niache sasa, niweke miguu juu ya kigoda. Huyo! Anaamka na hasira za siku nzima. Jioni ndiyo anapatwa na kwikwi. Ni mdundo mdogo huku chini karibu na nyonga, unakwenda kwa mpangilio, na mimi nakaa nacheka peke yangu mpaka mke wa mlinzi anachungulia dirishani kuona kama mimi ni mzima.

Fundi anataka nishuke mjini nikapigwe picha ya tumbo kabla mvua hazijaharibu barabara. Nikija nitalala kwako, kwa hiyo mwambie Mama asianze kukoroma mapema.

Simu ya kituo bado imekufa tangu nguzo zilipoanguka, tutaendelea na dereva wa gari la maziwa. Amenilalamikia kwamba ukimpa barua humkaribishi hata maji ya kunywa. Mpe maji, jamani.

Wako anachezaje? Sema kweli, usijikweze.

Pacha wako,
Mdogo


Dukani kwa magodoro
Alhamisi, 7 Machi

Mdogo,

We mtoto una maneno! Nimeisoma barua yako nimesimama kaunta, mteja ananiuliza bei ya godoro la futi nne, mimi namwambia kisigino.

Dereva nimempa maji. Tena kamaliza jagi zima, asiniletee uongo wake.

Sasa nikwambie kweli. Wangu hachezi hivyo. Anapapasa. Ni kama mtu anapitisha kiganja chini ya shuka, halafu basi. Mwalimu wangu hajawahi kuona tumbo likiruka. Anaweka mkono, anakaa, mkono unakufa ganzi, anasema labda kesho. Mama anasema mtoto wa kike huwa mpole. Niliposoma habari za kisigino chako nililia kidogo, usimwambie mtu, halafu nikakasirika. Sisi toka lini tukatofautiana? Meno tuliota pamoja, surua tuliugua pamoja, mpaka mimba tumepata mwezi mmoja na watu wakatucheka. Unakumbuka Mama alivyokuwa akimpeleka mmoja wetu tu kwa daktari? Akikohoa mmoja, anabebwa yule aliye karibu na mlango, anapimwa, dawa ikirudi tunakunywa wote wawili kwa kijiko kimoja. "Hawa wamefanana hadi utumbo," alikuwa akiwaambia majirani. Na tulipona, au hatukupona?

Basi iweje wako aruke na wangu apapase? Au unatia chumvi kama kawaida yako, au wangu ana kasoro. Silali vizuri. Jumanne naenda kupigwa picha, nimeshamwomba bosi ruhusa.

Pacha wako,
Mkubwa


Dukani
Jumanne, 12 Machi

Mdogo wangu wee,

Furahi na mimi! Nimetoka huko sasa hivi, hata mkoba sijaweka chini.

Daktari kanipaka kile kitu cha baridi tumboni, kapitisha kifaa chake, mara naona moyo huo unakimbia kwenye kioo. Mzima kabisa. Nikamwuliza, sasa mbona hanipigi? Akacheka. Kumbe kondo la nyuma limekaa mbele, katikati ya mtoto na ngozi ya tumbo. Mtoto anapiga vizuri tu, ila mateke yake yanaishia kwenye kondo. "Ni kama anapiga godoro, mama," ananiambia. Nikamwambia, daktari, umekutana na mwenye godoro lake! Mimi nauza magodoro! Tulicheka mpaka nesi akaja kuona kuna nini. Baada ya hapo akaanza kunieleza mambo ya kufuatilia, nikiona hivi nifanye vile, lakini mimi nilikuwa nishashuka kitandani natafuta viatu. Nilikuwa nataka kukimbia kumwambia Mwalimu.

Mama kafurahi mpaka kakaa chini. Halafu akasema, basi na Mdogo ni hivyohivyo. Na mimi nasema hivyohivyo. Kwa hiyo wewe usijisumbue kushuka kwenye matope hayo na tumbo hilo. Nimepima kwa niaba yetu. Una godoro kama mimi, ila wewe unakaa sana kwenye kiti ndiyo maana unamsikia zaidi. Baadaye akija kupoa kama huyu wangu usishtuke, ujue ni godoro limefanya kazi yake.

Mwambie Fundi wako aache woga.

Pacha wako mwenye furaha,
Mkubwa


Kituo cha Pampu
Jumapili, 17 Machi

Mkubwa,

Nimecheka, na nimemshukuru Mungu kwa ajili yako. Lakini hilo godoro langu limetoboka wapi? Jana niliweka kikombe cha chai juu ya tumbo, nilivyo mvivu. Kikaruka, chai yote ikaingia kwenye kola nyeupe za watoto wa watu. Nimezifua mara tatu.

Fundi amenuna kwa sababu siji kupimwa. Ananiambia, "Mkubwa ana tumbo lake na wewe una lako." Nikamwambia yeye kazaliwa peke yake, mambo ya pacha hawezi kuyajua. Akatoka akaenda kugombana na mapampu yake. Mimi nimeona bora nibaki, barabara yenyewe inatisha, na sare hazijaisha. Kama umepima, umepima.

Ila amebadilika kidogo, nikueleze. Nafasi imembana. Yale mateke ya ghafla yamepungua, siku hizi anajinyoosha. Tumbo zima linahamia upande mmoja linakuwa gumu, upande wa pili unabaki mtupu, na mimi naweza kuufuata mgongo wake kwa kidole toka juu mpaka chini. Nguvu ni zilezile, sema zinakuja polepole. Nishamjua ratiba yake. Asubuhi mvivu kama baba yake. Nikimaliza kula anaamka. Jioni anahangaika mpaka naona haya watu wakija, maana gauni linacheza lenyewe. Kabla sijalala lazima asukume ule ubavu, kama anafunga mlango. Siku asiposukuma sidhani kama nitapata usingizi.

Kumbe mtu unaweza kumjua mtu ambaye hujamwona uso. Mimi namjua huyu. Nikimwona kwenye chumba cha watoto hamsini nitamchukua bila kuuliza.

Msalimie Mama, mwambie sijakasirika kwamba kakaa chini kwa furaha yako na mimi hajanitumia hata salamu.

Pacha wako,
Mdogo


Kituo cha Pampu
Ijumaa, 5 Aprili

Mkubwa,

Leo sina utani.

Tangu juzi amepoa. Sisemi hachezi kabisa. Jana nimeacha cherehani mapema, nimelala ubavu, nimekunywa chai ya sukari nyingi, nimeweka mikono miwili nikasubiri. Alijisogeza mara moja, taratibu, kama mtu aliyeamshwa na kusema niache. Basi. Kwikwi sijazisikia. Kisigino hakipo pale. Nimejibonyeza ubavu mwenyewe nikimchokoza, hakunijibu.

Mke wa mlinzi anasema mwezi wa mwisho watoto wote hutulia, nafasi imekwisha. Mimi nikamwambia nafasi ilikwisha zamani na bado alikuwa akinisukuma. Akaniangalia kama mtu mkaidi. Halafu nikakumbuka ulivyoniandikia kwamba akipoa nisishtuke. Labda ni kweli na mimi lile godoro limenijia. Sijui. Mkubwa, sijui. Moyo wangu hautulii.

Fundi anataka tushuke zahanati. Mvua haijakatika, barabara yote ni tope, na pikipiki inateleza. Nikianguka nayo je? Nimemwambia tusubiri kesho gari la maziwa lirudi na jibu lako. Kanikubalia, lakini pikipiki kaiacha getini.

Wako vipi? Naye amepoa? Niambie kweli, na unijibu kwa gari hilohilo, usikae na barua. Ukisema niende, naenda.

Mdogo


Dukani
Jumamosi, 6 Aprili

Mdogo,

Dereva kanisimamia hapa kichwani, nakujibu haraka.

Si nilikwambia? Godoro hilo! Wangu naye amepoa toka juzi hiyohiyo, yaani kama wameambiana. Tena leo toka alfajiri sijamsikia na wala sina wasiwasi, maana nilishapimwa. Sisi ndivyo tulivyo, mwenzangu. Mama anasema na sisi tulitulia hivyohivyo tumboni mwake wiki za mwisho, mpaka bibi akadhani hatumo, na tazama tulivyotoka na makelele.

Usithubutu kupanda pikipiki kwenye tope hilo. Ukianguka hapo utakuwa umejitafutia mwenyewe. Kaa, kunywa maji, nyoosha miguu, acha cherehani. Na Fundi mwambie namsalimia, aache kukutia presha.

Karibu tu tutakuwa tunabadilishana nepi.

Pacha wako,
Mkubwa


Kituo cha Pampu
Jumatano, 10 Aprili

Shemeji,

Mimi si mwandishi, utanisamehe.

Mtoto amezaliwa Jumatatu kwenye hospitali ya wilaya yetu ya huku. Alikuwa wa kiume. Hakuwa hai. Daktari alisema alikuwa ameshafariki kabla hatujafika. Tumemzika jana. Mama yake alimshika kwa muda mrefu, hakutaka kumtoa, na mimi sikutaka wamharakishe.

Dada yako mwilini hajambo, amesharudi nyumbani. Ameniomba nikuandikie wewe ili wewe umwambie Mama.

Kuna jambo moja nataka kukuuliza. Jumamosi mchana alikuwa amekubali twende. Alikuwa amevaa viatu, ameshika mwavuli, mimi nimeshawasha pikipiki. Gari la maziwa likaingia, dereva akampa barua yako. Akaisoma palepale getini. Akaniambia zima. Akaingia ndani akavua viatu. Jumapili mchana ndiyo akaniita akaniambia hamsikii tena kabisa, tukaenda.

Nimemwuliza barua ilisema nini, hataki kuniambia, na ameificha. Ulimwandikia nini, shemeji?

Tafadhali msije kwanza. Barabara ni mbaya, na yeye amesema hataki mtu.

Fundi


Nyumbani
Ijumaa, 12 Aprili

Mdogo wangu,

Sijui nianzie wapi. Mama alianguka chini pale nilipomwambia. Mwalimu kanikataza kulia sana kwa sababu ya hali yangu, lakini nitaachaje? Nalia bafuni nimefungua bomba ili wasinisikie. Mwanetu! Sisi tulishamhesabu. Nilishamtengea godoro dogo la sponji, nimelifunga kwenye nailoni na kuliweka stoo, halafu jana nimelikuta pale nikafunga mlango nikatoka.

Mungu ndiye apangaye, mdogo wangu. Yeye katoa, yeye katwaa. Usimlaumu mtu, usijilaumu na wewe.

Fundi kaniuliza nilikuandikia nini. Sijamjibu. Naona kama ananitafutia lawama, na mimi sina nguvu za kulaumiwa sasa hivi, mimba yenyewe imenilemea. Mimi sikukwambia usiende hospitali. Nilikwambia usipande pikipiki kwenye tope. Ni vitu viwili tofauti, na wewe unajua nilivyokuwa na maana. Ningejuaje? Mimi si daktari. Nilikuwa nasema lile ninaloliamini, lile ambalo hata wewe uliliamini, maana ungekuwa huliamini ungekwenda.

Nisamehe, hilo la mwisho nimeliandika vibaya, lakini nikilifuta karatasi itachafuka, na Mwalimu ananiita.

Njoo mjini ukae na sisi. Nikijifungua tutamlea pamoja, machozi yataisha. Niandikie hata neno moja.

Pacha wako,
Mkubwa


Nyumbani
Jumatatu, 22 Aprili

Mdogo,

Hujaniandikia. Kila gari la maziwa likipita natoka nje, dereva anatikisa kichwa toka mbali.

Nimejifungua Alhamisi. Msichana, mzima, na anafanana na sisi mpaka Mama anaogopa. Sikutaka ulisikie kwa mtu mwingine. Najua litakuuma, lakini ni mtoto wetu huyu, wa kwako na wa kwangu. Mama anasema kabisa, mtoto wa pacha wako ni wako, Mungu kakurudishia kwa mlango mwingine.

Nina shida, ndiyo maana naandika tena kabla hujanijibu. Maziwa yangu yamegoma. Nakamua mpaka naona nyota, yanatoka matone. Na yeye mwenyewe hana haraka. Ni mpole ajabu! Halii, analala tu, nikimweka titi ananyonya kidogo halafu huyo kalala tena, kumwamsha ni kazi. Toka jana hata nepi ni kavu. Mama anasema ni utulivu wake, ndivyo alivyokuwa tumboni na ndivyo atakavyokuwa. Majirani wananionea wivu, wanasema wao hawajalala. Rangi nayo imekuwa ya njano njano, hadi machoni, Mama anasema nimtoe juani asubuhi itaisha.

Sasa Mama kaja na wazo, na mimi naona ni zuri. Wewe maziwa unayo. Yapo tu, hayana wa kunywa. Njoo umnyonyeshe. Maziwa yako na yangu si ni yaleyale? Wewe utapata kitu cha kushika na yeye atashiba. Sijampeleka popote, nakusubiri wewe, nimeona nisianze kumpa maziwa ya kopo kabla sijasikia neno lako.

Na nikwambie kitu kimoja, kwa sababu nakikumbuka kila nikimtazama. Siku ile wangu hakuwa amepoa. Alikuwa akipapasa kama siku zote. Niliandika amepoa ili usijione uko peke yako na hofu yako. Nilitaka kukutuliza. Ni kosa hilo? Kama ni kosa, nimelisema, tuliache nyuma.

Njoo na gari la maziwa la kesho.

Pacha wako,
Mkubwa


Kituo cha Pampu
Jumanne, 23 Aprili

Mkubwa,

Mpeleke mtoto hospitali sasa hivi. Acha kusoma, mchukue, toka. Ukirudi ndiyo uendelee na haya ya chini.

Basi natumaini umerudi na amewekwa kwenye mikono ya watu wanaojua. Sitauliza kwako, nitauliza kwa Mwalimu. Fundi ndiye anayeshuka na barua hii, gari la maziwa sikulisubiri. Ataiacha mlangoni na kugeuza pikipiki. Usimlazimishe kuingia, hataki kukuona, na mimi sijamwambia kwa nini. Kajua mwenyewe.

Umeniuliza kama ni kosa. Ngoja nikupe habari za kule hospitali, halafu ujijibu.

Walinilaza wakaweka kile kifaa tumboni. Kwako walikuonyesha moyo unakimbia. Kwangu daktari alikigeuza kioo upande wake. Alitafuta muda mrefu. Mimi nikamwambia, daktari, humwoni vizuri kwa sababu kondo limekaa mbele, nina godoro, dada yangu ameshapimwa. Akaniuliza, dada yako ameshapimwa nini? Nikamweleza, sisi ni pacha. Nesi akainamisha kichwa. Daktari akaniambia polepole, kama mtu anayeongea na mgonjwa wa akili, "Mama, kondo lako liko nyuma. Toka mwanzo liko nyuma." Akaongeza kwamba hata angekuwa yule dada mwenye kondo mbele, mtoto akibadilika na kupunguza kucheza, mama anakuja siku hiyohiyo. Nadhani ndiyo yale aliyotaka kukueleza daktari wako ulipokuwa unatafuta viatu.

Kwa hiyo mwanangu alikuwa ananipiga mimi moja kwa moja. Hapakuwa na kitu katikati. Kila alichofanya nilikisikia, na alipoacha nilisikia kwamba ameacha. Mke wa mlinzi hakujua, Mama hakujua, wewe hukujua. Mimi nilijua! Nilikuwa nimevaa viatu, Mkubwa. Halafu nikasoma kwamba wako naye amepoa na ni mzima, nikaona aibu kwa hofu yangu, nikaingia ndani kuvua. Jioni ile alijisogeza mara moja, kidogo sana. Nikamwambia, unaona, mama yako mkubwa kasema tutulie. Hiyo ndiyo mara ya mwisho.

Umenidanganya kwa kitu ambacho nilikuuliza nikisema niambie kweli. Na unakileta leo kama mkia wa barua ya kuomba maziwa.

Alikuwa na nywele nyingi. Miguu mirefu. Nilimshika kile kisigino na kukiweka pale ubavuni kwa nje, nikiwa na akili zangu timamu, nikasubiri. Hayo sikumwambia hata Fundi.

Maziwa yangu nayakamua kwenye beseni na kuyamwaga nyuma ya choo. Yanaamka wakati uleule wa jioni aliokuwa akiamka yeye. Yana mwenyewe. Hayapo tu. Na mtoto wako si wangu. Kama Mama anasema mtoto wa pacha wangu ni wangu, mwulize yule wa kiume alikuwa wa nani, na tangu tumzike wenye mtoto wengine wako wapi. Nilikataa watu, ni kweli. Lakini wewe ungekuja. Ningekuwa mimi ningekuja kwa miguu.

Mwanao hana upole. Anaishiwa nguvu. Mtoto mchanga asiyelia, asiyenyonya, nepi kavu, macho ya njano, huyo hahitaji mama mdogo wala bibi wala jua la asubuhi. Nimelijua hilo tangu mstari wa tatu wa maelezo yako, na mimi niko huku juu mlimani sijawahi hata kumwona. Wewe uko naye mapajani. Hospitali iko ng'ambo ya barabara kutoka dukani kwako. Na umekaa naye unamsubiri Mdogo aseme neno.

Usiniandikie tena sisi. Andika mimi, hata kama sentensi itakuwa fupi. Una mwili wako na yeye ana wa kwake, na hakuna mtu duniani anayeweza kupimwa badala yenu. Sitakuja mjini. Labda mwakani, labda sitakuja.

Na kama hukwenda, kama uliruka ule mstari wa kwanza ukaja kutafuta huku mwisho kama nimekusamehe, sijakusamehe. Sasa inuka umpeleke mtoto.

Mdogo